Nani aligawa magazeti Mombasa utotoni?

Umu Tudor

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 14 na likizo hii ameniganda, ataka kazi. Pesa za kupewa hazitaki, ataka za jasho lake, ndivyo asemavyo. Babake alicheka akamwambia yeye rika hilo alikuwa akigawa magazeti Majengo alfajiri kabla ya kwenda shule. Mimi nimeolewa naye miaka yote hii na habari hiyo sijapata kuisikia! Nilipomdadisi anieleze, maneno yakamwishia: "Ilikuwa ni kazi tu, tukipeleka, basi." Wanaume wa nyumba hii kuwatoa neno ni kama kung'oa jino.

Sasa nawageukia nyinyi. Kuna aliyeifanya kazi hiyo Mombasa alipokuwa mtoto? Magazeti mkiyapokea wapi, mkilipwa vipi, na mama zenu hawakuwa na hofu kumtoa mtoto kiza kile? Na mteja gani hujamsahau mpaka leo? Nataka vituko jamani, nasaha ninazo za kutosha.

Mlikoni

Mimi nilikuwa feri, upande wa Likoni. Si kugawa, ni kuuza kwa mdomo. Wenye wateja wa majumbani tukiwaona mabwana, wao mteja anawangoja, sisi twamkimbiza.

Feri ina saa yake. Watu wakiwa wamesimama wanangoja, hapo ndipo unapouza. Mlango ukishashushwa, hata ungekuwa na habari ya kiama hakuna wa kutia mkono mfukoni, kila mtu anakimbilia nafasi. Kwa hivyo una dakika chache tu, na katika dakika hizo kuna wale wa "hebu nione kichwa cha habari." Analichukua, anaanza nyuma kwenye mpira, anakuja kati, anamaliza kwa Rais, anakukunjia vizuri, "Leo hamna kitu, kijana." Gazeti lishasomwa!

Mwisho tukaona heri tule nao. Ukitaka kusoma, toa kidogo, soma ukiwa hapa hapa mbele yangu, nirudishie. Jioni nalinyosha kwa kiganja, napanga kurasa, linarudi kwa wakala pamoja na yaliyobaki. Msiniulize wakala nani.

Siku ambazo sikupiga kelele ni zile baada ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama Mtongwe wakafa watu 272. Watu hawakutaka kuitiwa. Walikuja wenyewe, wanatafuta majina.

Kijana wa Kibokoni

Umu Tudor, mumeo namwelewa, lakini mimi si bubu, kwa hivyo kaa kitako.

Nilianza mwaka 1990, niko darasa la sita. Kazi sikuitafuta. Binamu yangu ndiye aliyekuwa nayo, akapelekwa Lamu kusoma, nami nikarithi njia yake, daftari lake na madeni yake. Yaani siku ya kwanza kabla sijashika gazeti nilikuwa tayari nadai watu nisiowajua.

Magazeti yalikuja na gari ya usiku kutoka Nairobi. Ni kilomita karibu 480, na barabara ya siku hizo mnaikumbuka wenyewe. Ili yawahi kufika huku, yetu yakichapwa mapema, na mambo ya usiku yakatupita. Kombe la Dunia la 1990, Kameruni na Uingereza wamecheza Jumapili usiku, mtaa mzima umetazama, watu wamelia na Roger Milla wao, tatu kwa mbili. Jumatatu asubuhi napeleka gazeti, ndani yake mechi bado haijachezwa! Mzee mmoja wa Kuze alinishika sikio: "Wewe, mbona waniletea gazeti la kungoja mechi iliyokwisha?" Utasema mimi ndiye mhariri.

Wakala wetu alikuwa akikaa barazani kwa duka moja barabara ya Digo. Duka lenyewe lafunguliwa saa tatu, kwa hivyo alfajiri baraza ni yake. Mafurushi yatupwa chini, yamefungwa kamba za plastiki ngumu, na ukizikata vibaya zakurukia usoni. La juu kabisa na la chini kabisa kwa kawaida yamechanika, na hayo ndiyo wakala aliyapenda kuwatia watoto wapya mkononi. Binamu yangu alinionya: chukua ya katikati, na uhesabu mwenyewe, usikubali kuhesabiwa. Siku za toleo la mwisho wa wiki kulikuwa na kurasa za ziada zinazokuja furushi lao mbali, nasi twakaa chini kuzitia ndani ya kila gazeti, moja moja. Kazi hiyo haikuwa na malipo. Ndiyo iliyotutia wino mpaka vifundoni, na mimi nikitoka hapo, siku zisizo za shule, naenda chuo cha Qur'ani na kanzu nyeupe. Mamangu hakuogopa kiza, Umu Tudor. Aliogopa wino.

Kwa sababu Mji wa Kale alfajiri hauna upweke. Watu watoka msikitini, mafuta ya mahamri yashachemka, hamali wa maji wasukuma mikokoteni. Ukipiga kelele mahali popote kutoka Kibokoni hadi Forodhani, madirisha kumi yatafunguliwa, na katika hayo manne yatakuwa ya jamaa zako. Nilichokiogopa mimi ni kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu chenye nyumba isiyokaliwa. Hapo nilikuwa nikipita mbio huku nasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na wateja wa nyumba ya pili wakijua kwa sauti hiyo kwamba gazeti limefika.

Wateja wangu walikuwa wa kila namna. Alikuwako mwalimu mstaafu aliyesoma Taifa Leo na kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha. Jioni ukipita wamkuta anamwonyesha jirani yake makosa ya ukurasa wa kwanza. Gazeti hakulitupa kamwe, aliyapanga chini ya kitanda kama daftari za wanafunzi. Walikuwako wanabaraza wa kahawa, wao wakichanga senti wananunua moja, anasoma mwenye macho mazuri na wengine wanabisha. Vita vya Ghuba vilipoanza Januari 1991 nilidhani wataongeza angalau la pili. Hata! Habari walishazipata usiku, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, redio imewekwa juu ya dirisha. Gazeti walilitaka kwa ramani. Walilitandika juu ya baraza, vikombe vya kahawa vikawekwa pembe nne lisipeperushwe, na kila mmoja akawa jenerali. "Saddam akipitia hapa..." Kidole kinapita jangwani, kashata inaangukia Basra.

Lakini ambaye sijamsahau ni Bi mmoja wa ghorofa ya pili.

Alikuwa haonekani. Alikuwa na kikapu cha ukili chenye kamba ndefu, na akisikia hatua zangu kikapu kinashuka kutoka roshani, polepole, chazunguka. Ndani yake mna pesa kamili, na juu ya pesa hamri moja imefungwa kwa gazeti la juzi. Natia gazeti, kikapu chapanda. Siku nyingi nilidhani ni msomaji mkubwa. Kumbe kusoma Qur'ani alisoma, na khati za Kiarabu akiandika barua nzuri, lakini herufi hizi za gazeti hakuzijua. Gazeti alinunua kwa ajili ya mashairi.

Siku moja kikapu kilishuka kitupu na sauti ikafuata: "Ee kijana, panda juu. Mwanangu hayuko, n'somee wewe."

Wakati huo tulikuwa na Taifa Leo na Kenya Leo, na watu wa pwani wakifungua kwanza ukurasa wa mashairi. Washairi wakijibizana humo. Mmoja arusha fumbo leo, wiki ijayo anajibiwa na mtu wa Tanga au wa Malindi, kisha anaingia wa tatu asiyehusika, kunakuwa na vita. Basi nikasimama karibu na mlango, viatu nimevivua, nikaanza kusoma kama nisomavyo shuleni, mbio. Alinikatiza mstari wa kwanza.

"Usikimbize. Kwani wafukuzwa?"

Nikasoma pole pole. Yeye amekaa mkekani, mkono juu ya goti, na kila silabi kidole kimoja chagusa goti. Nikafika ubeti wa tatu, vidole vikasimama.

"Rudia utao," yaani kile kipande cha pili cha mstari.

Nikarudia.

"Saba. Huyu ameramba moja. Haya, endelea, twende tuone kama kituo atakiweza."

Mimi mtoto wa darasa la sita nikaduwaa. Kipande kilitakiwa kiwe na silabi nane. Karatasi haioni, na ameshamkamata mtu aliyeandika, na mhariri aliyepitisha, na mimi niliyesoma bila kuhisi kitu. Tangu siku hiyo siku za mashairi nilikuwa nikimpelekea yeye wa mwisho, ili nikae. Darasani mwalimu alipoanza kutufundisha vina na mizani, ukwapi na utao, mloto na mleo, mimi nilikuwa nishayapata ghorofani, na hamri juu yake.

Sasa pesa. Kulipwa kwetu kulikuwa kwa kamisheni, kidogo sana kwa kila nakala. Aliyetoa pesa mkononi ndiye mteja mwema. Wengi walikuwa wa daftari, mwisho wa mwezi. Na huo mwisho wa mwezi ndio kazi yenyewe, wala msidhani ni kule kubeba. Wakala hangoji. Yeye ataka pesa za nakala zote ulizochukua, umelipwa hujalipwa. Gazeti likinyeshewa, lako. Masika nilikuwa nikiyatia katika mifuko ya nailoni ya sukari niliyoomba dukani, na yakiingia maji hata pembe, mteja halipi na wakala halirudishi, na mimi nina karatasi ya kuwashia jiko la mamangu.

Mwenye duka mmoja wa vitambaa, Barabara ya Biashara, alikuwa bingwa wa "njoo kesho." Alikuwa mtu mpole, mcheshi, akikuona anakupa peremende. Peremende zake nilikula nyingi mno, daftari lake halisogei. Nikamweleza Bi. Akaniuliza: "Huyo huswali Ijumaa wapi?" Nikamwambia. "Basi n'enda kasimame mlangoni akitoka. Usimdai. Mwamkue, umuulize hali, umuulize watoto, kisha unyamaze."

Nilifanya vile vile. Ijumaa watu watoka, yeye yuko na wenziwe wa heshima, kofia nzuri, mafuta ya udi. Nikamshika mkono, "Shikamoo ami. U hali gani? Watoto hawajambo?" Kisha nikanyamaza, mkono wake sijauachilia. Ami akanitazama. Akawatazama wenziwe. Mmoja akauliza, "Mtoto wa nani huyu mwenye adabu?" Pesa zilitoka mfukoni pale pale, zote, na za mwezi uliopita.

Pesa zangu za mwanzo zilikwenda sinema ya Naaz, mimi na wadogo zangu wawili, filamu ya Kihindi, na njugu. Mama alijua tulikuwa wapi kwa sababu wino wa vidole vyangu ulikuwa kwenye tiketi. Hilo tuliache.

Wakili Asiye na Koti

Najua umesema hutaki nasaha, Umu Tudor, hii si nasaha ni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13. Wa 13 hadi 16 aruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kusoma. Wako ana 14 na ni likizo, kwa hivyo yuko salama akipata kitu chepesi. Kibokoni, wewe na wakala wako mngefungwa.

Kijana wa Kibokoni

Wakala ameshakufa na mimi nishatumikia kifungo changu kule kichochoroni.

Umu Tudor

Nimecheka mpaka watu wa nyumbani wamekuja kuuliza. Nimemsomea mume wangu habari ya kamba za plastiki zinazoruka usoni, akainua nyusi akanionyesha kovu dogo hapa juu ya jicho. Miaka yote hiyo nilidhani ni mpira!

Kibokoni, huyo Bi ametuachia kiu. Yeye mwenyewe hakuwahi kutunga? Na yale magazeti yakishasomwa yalikwenda wapi? Maana hamri umesema ilifungwa kwa la juzi.

Kijana wa Kibokoni

La pili ni jepesi, nalianza. Gazeti Mji wa Kale lilikuwa na maisha marefu. Asubuhi lasomwa na mwenyewe, mchana limevuka ukuta kwa jirani, jioni liko barazani halina tena ukurasa wa mpira. Baada ya hapo lauzwa kwa uzani. Wauza bajia, wauza njugu, wauza mabuyu, wote wakilitaka, na muuza samaki pia. Njugu walizifunga kwa kipande kilichosokotwa kama pembe, na sisi watoto tukishamaliza kula twakikunjua tusome. Mambo mengi ya siasa ya 1991 na 1992 niliyasoma hivyo, katikati ya chumvi, mwanzo na mwisho hakuna. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, nilijua kwa ukurasa mzima niliouza. Lakini nani alisema nini bungeni nimelijua kwa njugu.

La kwanza sasa. Alitunga.

Kulikuwa na mshairi mmoja wa bara aliyejigamba gazetini kwamba waungwana wa pwani wameishiwa, wamebaki na makumbusho ya mababu. Nilipomsomea Bi hakusema kitu. Kidole hakikuhesabu hata. Akaniambia, "Kesho uje na kalamu."

Nilikuja na kalamu, na karatasi hatukuwa nayo, kwa hivyo jibu liliandikwa nyuma ya daftari la madeni. Alitunga kwa mdomo, beti saba, hajakaa kufikiri, huku apeta mchele. Mimi naandika, mkono wauma. Mstari wa kwanza ninao mpaka leo:

*Takujibu mwenye jaha, unenayo si maneno.*

Nane na nane, hesabuni wenyewe. Nikanakili safi, nikatia bahasha, nikanunua stempu Posta. Hakutaka jina lake litokee, akachagua lakabu, na anwani ikawa sanduku la posta la mjomba wangu.

Ilipita muda. Nilikuwa nafungua ukurasa ule kila wiki pale pale barazani kwa wakala, kabla sijaenda popote. Siku moja lakabu ile hapo! Nilikimbia, wateja wote nikawaruka, ami wa peremende nikampita bila kumwamkua. Nikapiga kelele chini ya roshani, kikapu sikukingoja, nikapanda.

"Limetoka Bi! Limetoka!"

Akatengeneza buibui yake, akakaa, akasema soma. Nikasoma kwa madaha yangu yote:

*Takujibu mwenye jaha, unayosema si maneno.*

Vidole vikasimama juu ya goti.

"Umesoma wewe au wao?"

"Wao, Bi. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Rudia."

Nikarudia. Tisa. Mtu huko ofisini ameona "unenayo" haieleweki kwa watu wa kwao, akatengeneza. Gazeti gani silisemi, yalikuwa mawili nawe chagua. Bi alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Sasa yule wa bara atanicheka, na haki yake." Akanyanyuka, akaingia ndani. Na pesa ya gazeti la siku ile hakunilipa mpaka naacha kazi. Kila nikimkumbusha: "Kadai kwa aliyeniharibia."

Imeandikwa kwenye daftari, kati ya madeni mengine. Ninalo daftari hilo. Mbele kuna majina na pesa, nyuma kuna beti saba.

Babu wa Ndia Kuu

Nawasoma tangu asubuhi wala sikutaka kuingia, lakini mwasema gazeti latoka Nairobi kana kwamba ni jambo la maumbile, kama jua kutoka mashariki.

Gazeti la Standard mnalolijua lilizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1902. Aliyelianzisha ni A. M. Jeevanjee, na jina lake likiwa African Standard. Baadaye aliliuza, likaitwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Kwa hivyo, Kijana wa Kibokoni, miaka 80 baadaye wewe ulikuwa ukisimama barabara ya Digo alfajiri kungoja mtoto wa Mombasa arudishwe na lori. Mji huu baada ya hapo ulikuwa na Mombasa Times yake, nayo mimi nimeikuta, baba akiisoma.

Na msisahau ya Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa hapa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Mambo ya dini, ya elimu, ya watu wa pwani na hali yao, kwa lugha ya nyumbani. Bibi yenu huyo wa roshani, kama alikuwa mtu mzima mwaka 1990, basi amekulia katika nyumba ambazo magazeti hayo yakisomwa. Alijua gazeti lisilobadilishiwa maneno linavyokuwa.

Pia nina swali. Nyumba hiyo yenye kikapu, ni ile ya mlango wa kuchonga, karibu na msikiti wa Mandhry, upande wa baharini? Maana pale alikuwako mama mmoja akitunga nyimbo za harusi, na mtu akimkosea adabu ugomvini hakumjibu kwa maneno ya kawaida. Alimjibu kwa shairi, na lililobaki mjini ni lile shairi.

Mlikoni

Babu, wewe ulitungiwa?

Babu wa Ndia Kuu

Nyamaza wewe wa kunyosha magazeti kwa kiganja.

Kijana wa Kibokoni

Shikamoo babu. Nyumba siitaji, wajukuu wake wawili wamo humu humu na mmoja amenitumia ujumbe tangu jana anauliza kama nasema uongo. Nimempigia picha zile kurasa za nyuma nikamtumia. Amenijibu kwamba mwandiko wangu ni mbaya, na kwamba ubeti wa tano, mstari wa pili, nimeandika vibaya neno moja, kwao wanaujua vingine.

Nimeuhesabu. Wako sawa.

Umu Tudor

Weka beti zote hapa basi, tuzione!

Kijana wa Kibokoni

Nimeomba ruhusa. Wajukuu wamesema watakaa wazungumze na mama yao Ijumaa. Na huyo aliyenitumia ujumbe ameuliza gazeti la 1991 lilikuwa shilingi ngapi, ataka kunilipa deni la nyanyake. Nimemwambia alete hamri.